Naibu Aliyekubali Kila Kitu

Sikuwahi kumsikia Naibu akikataa jambo. Miaka kumi na mmoja tuliyofundisha pamoja, katika shule ya sekondari ya mchanganyiko upande wa Yatta, si mbali na soko la Katangi, hakumwambia hapana mkuu wa shule, wala mkaguzi, wala mzazi, wala mwalimu mgeni aliyekuja na wazo lake jipya. Alitikisa kichwa taratibu, akavuta pumzi kwa pua, akasema kwa Kikamba, "Nesa," yaani vizuri, "nesa muno." Na jambo lile likawa limekwisha kufa. Ilinichukua miaka kuelewa hivyo. Nilipoelewa nilianza kumwonea kinyaa, na kinyaa hicho hakijanitoka hadi leo.

Wakuu wa shule watatu walikuja wakaondoka wakati wangu. Yeye alibaki. Mkuu mgeni alipofika, Naibu ndiye aliyempokea langoni, akamtembeza kwenye madarasa na vyoo na tangi la maji, akamweleza nani mlevi, nani mchapakazi, nani ana maneno mengi. Kufikia Ijumaa ya wiki ya kwanza mkuu yule alikuwa akituangalia kwa macho ya Naibu, na sisi tulijua.

Alivaa koti moja la kahawia, jua na mvua. Kwenye mfuko wa juu aliweka kalamu tatu: nyekundu ya wanafunzi, bluu ya barua, na kijani ya kutusahihisha sisi walimu. Kwenye mfuko wa chini aliweka kijiko. Hakuamini vijiko vya shule. Saa saba, sufuria ya muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe, ilipoletwa kwenye ofisi ya walimu, alikitoa kijiko chake ndani ya kitambaa kilekile alichopengea mafua, akakipangusa kwa ncha ya tai, akaanza kula huku anazungumza. Vipande vya mahindi vilimtoka mdomoni vikatua juu ya madaftari yetu. Tulivifuta alipogeuka. Alipofanya mzaha tulicheka, sote, na mimi nilikuwa miongoni mwa waliocheka kwa sauti.

Nataka niwe mwadilifu kwake, maana si haki kumchora mtu kwa kijiko peke yake. Naibu alikuwa mwalimu wa hisabati ambaye sijaona wa kumfikia. Alichora duara ubaoni kwa mkono mtupu, bila uzi wala bangili, na likatokea duara. Mwanafunzi aliyeshindwa hakumchapa. Alikaa naye kwenye dawati lake, akamwuliza swali dogo, halafu jingine dogo, mpaka mtoto mwenyewe akajikuta amefika. Mwaka mmoja msichana wa kidato cha pili alishikwa na tumbo la kupasuliwa. Naibu ndiye aliyempeleka hospitali mjini Machakos, na alikaa naye siku mbili kwenye benchi la wodi mpaka mama yake alipopatikana. Aliporudi alikuwa na koti lilelile, limekunjamana, na hakutuhadithia chochote. Tulisikia kwa mama wa mtoto.

Basi mtu huyohuyo ndiye niliyemwona akifanya haya mengine.

Katika miaka ya tisini mamlaka yake yote yalikuwa kwenye mashine ya stensili, ile ya kuzungushwa kwa mkono, iliyokaa kwenye chumba kidogo nyuma ya ofisi yake. Yeye tu ndiye aliyeiweza. Wino ulipokwama aliufungua, mpira ulipokatika aliufunga kwa kipande cha tyubu ya baiskeli. Kila mtihani wa shule ulipita mikononi mwake. Mwalimu aliyemkosea alingoja. Alipokea stensili yako kwa tabasamu, akasema nesa, na asubuhi ya mtihani wanafunzi wako walikuwa wakinakili maswali ubaoni ilhali wa mwenzako wana karatasi mkononi. Hukuwa na la kulalamikia. Hakukataa. Alisema wino ulikuwa mwepesi.

Niliona walimu watu wazima, wenye digrii na watoto wa kusomesha, wakimletea viazi vitamu na asali wiki ya mitihani. Mimi nilimletea kuku. Nasema hivyo ili msomaji asidhani nilisimama kando na kuhukumu.

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili umeme ukafika, na baada yake zikaja kompyuta nane, zawadi ya mwanafunzi wetu wa zamani aliyekuwa akifanya kazi ng'ambo. Siku zilipoteremshwa kwenye lori wanafunzi waliimba. Mkuu wa wakati ule, mzee mpole aliyekuwa akihesabu siku zake za kustaafu, alimkabidhi Naibu shughuli yote. Naibu akasema nesa muno.

Chumba kilipatikana, ghala la zamani la majembe. Kilipakwa rangi. Madirisha yalitiwa vyuma, mlango ukatiwa kufuli mbili. Wasichana wa sayansi kimu walishona vitambaa vya kufunikia mashine, vyenye maua ya uzi mwekundu pembeni. Kisha masharti yakabandikwa mlangoni kwa wino wa kijani: viatu vivuliwe nje, mwalimu anayetaka kuingia aandike barua siku mbili kabla, mtu yeyote asiguse mashine pasipo Naibu kuwepo. Naibu naye alikuwa na ratiba ya vipindi, na nidhamu, na wazazi, na kamati ya chakula. Hakuwepo kamwe. Muhula mzima sikumwona mwanafunzi hata mmoja amevua viatu pale mlangoni, isipokuwa siku ya wakaguzi, ambapo kidato cha nne waliketishwa mbele ya skrini, mikono magotini, wakaambiwa wasipumue karibu na vioo. Mkaguzi alisifu usafi.

Kulikuwa na mwalimu mmoja aliyezijua mashine zile. Nitamwita Mwende. Alifundisha jiografia, alikuwa amefika mwaka uliotangulia, na alijifunza kompyuta Nairobi alipokuwa akifanya kazi ya kuchapa barua kabla ya kwenda chuo. Ilipokuja semina ya siku tatu mjini kwa shule zilizopokea kompyuta, walimu wawili kila shule, sote tulijua Mwende atakwenda. Naibu alijichagua mwenyewe, pamoja na mwalimu wa dini aliyebakiza mwaka mmoja astaafu. Mwende alipouliza, alijibiwa kwa upole wa baba: "Binti yangu, wewe unajua tayari. Utaenda kutafuta nini?" Walimu wakacheka. Wiki iliyofuata cheti cha Naibu kilikuwa ukutani ofisini kwake, ndani ya fremu.

Siku moja Mkuu alinituma nikamwambie Naibu achape barua. Nilimkuta ndani ya chumba cha kompyuta, peke yake, amesimama mbele ya mashine mikono nyuma, akiitazama kama mtu anavyomtazama mbwa akiwa hajui kama atamuuma. Alibonyeza kitufe cha skrini. Taa ndogo ikawaka, ikazima. Akabonyeza tena. Hakujua kwamba sanduku la chini nalo lina kitufe chake. Alipogeuka akaniona, aliniambia umeme uko chini leo. Juu ya kichwa chake balbu ilikuwa inawaka vizuri kabisa.

Nilimwonea huruma siku ile, nakiri. Nilikuwa nimejifunza kidogo kwa Mwende, ningeweza kuinama nikakibonyeza kile kitufe. Sikuinama. Katika shule yetu hakuna aliyemwonyesha mkubwa kitu. Mkubwa alionyeshwa tu kile alichokwisha kukijua. Nikatoka, nikamwambia Mkuu kwamba umeme uko chini, na Mkuu akaandika barua kwa mkono.

Mkuu wa tatu alikuwa mwanamke, mwenye haraka. Mwezi wake wa kwanza aliamuru alama za mtihani wa mwisho wa mwaka zijumlishwe kwa kompyuta. Naibu akasema nesa muno. Akampa Mwende ufunguo mbele yetu sote, na alama za kidato cha tatu peke yake, na siku nne. Nadhani alitegemea ashindwe. Mwende alimaliza siku ya pili kabla ya chakula cha mchana.

Mchana huo alinijia darasani, akaniomba nije kidogo. Kwenye skrini aliyekuwa wa kwanza ni Kalondu, msichana mnyamavu ambaye baba yake alikuwa akichota maji kwa punda na kuyauza sokoni. Kwenye orodha ya Naibu, iliyokwisha kuandikwa kwa mkono wake mzuri na kupelekwa kwa bodi, wa kwanza alikuwa binti wa mwenyekiti wa bodi. Kalondu alikuwa wa tano. Si jambo la sifa tu. Kanisa lilikuwa limeahidi kumlipia wa kwanza masomo yake yote ya kidato cha nne.

Nilisema labda mashine imekosea. Mwende akanipa karatasi za alama na kalamu. Nilijumlisha za Kalondu kwa mkono, somo kwa somo, mara mbili. Mashine haikukosea. Tukatoa madaftari ya mwaka uliotangulia, tukajumlisha na hayo. Mtoto wa katibu wa bodi alikuwa amepandishwa nafasi nne. Tulirudi nyuma mwaka mmoja zaidi, kisha tukaacha, kwa kuwa hatukutaka kujua tena. Yule mtu niliyemwona akimsaidia mtoto dhaifu kufika kwenye jibu kwa upendo, alikuwa akikaa chini na kalamu zake tatu, akichukua jasho la mtoto mmoja akimpa mwingine. Na hesabu alizijua. Hakuna aliyezijua kama yeye.

Mwende alimpelekea Naibu karatasi kwanza, si Mkuu. Alisema ni heshima, labda ana maelezo. Naibu alizisoma zote, akamshukuru, akasema nesa.

Siku mbili baadaye mkutano wa walimu uliitishwa. Asubuhi yake Naibu alinikuta kwenye bomba nikinawa mikono. Alinisalimu, akaniuliza habari za watoto, akazungumzia mvua. Kisha akasema, akiwa anaangalia upande mwingine, "Ile kazi ya mkuu wa idara ya lugha, jina lako liko kwa karatasi yangu. Hakuna mtu amekataa." Akaenda zake.

Mkutanoni alizungumza kwa huzuni. Alisema amesikia kwamba mwalimu mmoja aliacha mlango wa kompyuta wazi na wanafunzi wakaingia. Kwamba alama zilizomo haziaminiki tena. Kwamba hizi mashine ni nzuri lakini ziko na hatari, na vijana wetu walimu wanazikimbilia kabla ya kukomaa. Hakutaja jina la Mwende. Mwende alisimama, akasema mlango haukuwa wazi hata dakika moja, na kwamba alama zilijumlishwa pia kwa mkono. Mkuu akauliza zilijumlishwa na nani.

Naibu alinigeukia mimi kabla Mwende hajajibu. Uso wake ulikuwa mtulivu, hata wa kirafiki. "Mwalimu, wewe ulikaa na yeye. Uliona nini?"

Nikasema, "Sikuangalia kwa makini."

Nakumbuka walimu wenzangu wakitazama vikombe vyao vya chai, na ninajua walijua, kwa sababu kila mmoja wao alikuwa na darasa lake, na kila mmoja alikuwa amewahi kushangaa juu ya nafasi ya mtoto fulani akanyamaza. Mkuu aliyekuwa na haraka alitutazama mmoja mmoja. Alikuwa na mwezi mmoja pale. Sisi tulikuwa ishirini. Akasema orodha ya mkono itabaki.

Mwende alihamishwa kabla ya muhula kuanza, akapelekwa mbali. Siku anafunga vitabu vyake kwenye katoni nilikwenda kumsaidia kubeba. Hakuniruhusu. Aliniambia tu, bila hasira, "Wewe ulijumlisha Kalondu mara mbili, Mwalimu. Nilikuwa nimekaa hapo." Kisha akaiinua katoni mwenyewe. Januari nikawa mkuu wa idara ya lugha. Kalondu hakurudi kidato cha nne.

Chumba kilifungwa. Naibu alisema kinangoja mwalimu aliyehitimu, na aliposema hivyo kila mtu aliona ni jambo la busara. Mwaka wa pili harufu ikaanza. Tulidhani ni choo. Ilipozidi mlango ulifunguliwa, na mimi nilikuwa mmoja wa walioingia. Vitambaa vya maua vilikuwa safi kabisa juu ya mashine. Tulipovifunua tukakuta kinyesi cha panya kimejaa kwenye kibodi, nyaya zimetafunwa mpaka shaba, na ndani ya sanduku moja lililopasuka kiota cha nyasi na nywele, na panya wawili waliooza wakashikana. Mwalimu wa kilimo alitoka nje akatapika. Naibu alisimama mlangoni, amevua viatu, kitambaa chake puani. Kisha akamwambia mfagizi avifue vile vitambaa vyenye maua, visipotee, maana vilishonwa vizuri.

Nilihama mwaka uliofuata, nikapata shule karibu na mji wa Machakos.

Mara ya mwisho kukutana naye alikuwa amestaafu, anaishi kwenye shamba lake Ndithini, na nyonga ilikuwa imemvunjika kwa kuanguka. Walimu wa zamani walipitisha habari kwamba hana wageni. Nilinunua sukari na mkate nikaenda. Nilijiambia nakwenda kumjulia hali. Kwa kweli nilikwenda ili nimsikie akisema. Nilitaka aseme hata neno moja, kwamba alikosea, au kwamba alilazimishwa, lolote, ili nami nipate la kusema.

Alikuwa amekaa kwenye kiti barazani, mkongojo ukutani, amekonda. Alifurahi kuniona kiasi cha kunitia aibu. Mke wa mwanawe, mwanamke kijana mwenye sauti ya chini, alituletea chai na mayai. Naibu aliuliza habari za kila mtu. Alikumbuka wakuu wote watatu. Alikumbuka yule msichana wa tumbo, jina lake na la mama yake, akasema sasa ni muuguzi. Nikaona nafasi, nikamwuliza kama anamkumbuka Mwende.

"Nani?"

Nikamwambia, mwalimu wa jiografia, wa kompyuta. Alifikiri kwa bidii, uso umekunjamana, akitaka kunipendeza. "Yule mfupi wa chemia?" aliuliza. Nikasema si yeye. Akatikisa kichwa kwa masikitiko, akasema walimu walikuwa wengi. Hakuwa akijifanya. Nilimtazama sana nione kama anajifanya.

Nilipoinuka alimwita mke wa mwanawe, naye akaleta bahasha ya kaki. Mzee aliniambia binti huyu amesomea kompyuta miaka miwili, anazijua hizo mashine sana, na amesikia shule ninayofundisha sasa inatafuta mwalimu wa kompyuta. Alinishika mkono. "Msimkalie," alisema. "Watu wakubwa hupenda kukalia vijana." Alisema kwa moyo wote. Nikaipokea bahasha kwa mikono miwili.

Niliiweka kwenye droo ya meza yangu shuleni. Nilisema nitaipeleka kwa mkuu Jumatatu, na Jumatatu nikasema kesho. Niliifungua mara moja. Vyeti vilikuwa vizuri, kuliko vya wote walioomba. Nikaifunga. Yule mwanamke alipiga simu mara mbili, kwa adabu, na mara zote mbili nilimwambia mkuu hajaamua.

Wiki ya nne alikuja mwenyewe. Nilimwona kupitia dirisha la ofisi ya walimu akizungumza na karani, kisha akaketi kwenye benchi la wageni, mkoba magotini. Alikaa vipindi vitatu. Ndipo nikatoa bahasha nikaipeleka kwa mkuu. Mkuu aliisoma yote, akapekua vyeti, akaniuliza imetoka wapi karatasi nzuri namna hii, maana nafasi ilijazwa Ijumaa iliyopita na aliyeipata hana hata nusu ya hivi. Nikasema imeletwa sasa hivi. Akanirudishia, akaniomba nimweleze mwenyewe kwa kuwa ninaijua familia.

Nilitoka nikamwambia barua yake ilichelewa kufika. Aliinuka, akaipokea bahasha kwa mikono miwili, akanishukuru kwa kumhangaikia, na akaniomba radhi kwa kunisumbua.